Kengele ya kidonge haitoshi

Leo naongea dawa, lakini msikimbie, ni mambo ya programu vilevile.

Programu nyingi za simu za kukumbusha watu dawa zina kasoro moja. Kengele inalia, unabonyeza "nimekunywa", basi imetoka. Kwa dawa nyingi hiyo inatosha. Kwa dawa ya mifupa iliyodhoofika, ule ugonjwa madaktari wanauita osteoporosisi, haitoshi kabisa.

Mama yangu yuko hapa Lokichar. Alivunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo tu, akaandikiwa alendronate, kidonge kimoja cha miligramu 70 kila wiki. Kwenye pakiti aliandikiwa maneno matatu: kimoja kwa wiki. Wiki ya kwanza akakimeza na chai ya maziwa. Ya pili akakimeza kwa funda moja la maji, akajilaza. Kiungulia kikampata mpaka akasema dawa hii ni sumu, itupwe.

Hakuna aliyemwambia dawa hii inavyofanya kazi. Mwili hufyonza chini ya asilimia 1 ya kidonge. Ukikimeza na chakula, chai, kahawa au maziwa, hata hicho kidogo kinapotea. Na kidonge kikikwama kooni, au kikirudi juu na asidi ya tumbo kwa sababu umelala, kinachoma umio, ile njia ya chakula.

Jambo hili si geni. Mwaka 1996, dawa ikiwa bado mpya, madaktari waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kati ya watu wapatao 475,000 walioandikiwa dawa hiyo duniani, 199 walikuwa wameripotiwa kupata matatizo ya umio. Wengi wa walioumia vibaya walikuwa wamemeza na maji kidogo, au walilala baada ya kumeza, au waliendelea na dawa huku tayari wanaumia.

Sisi watu wa programu tungesema hivi: tatizo kubwa lilikuwa kwenye maelekezo.

Maelekezo yenyewe ni haya:

1. Asubuhi ukiamka, kabla ya kula au kunywa kitu chochote.
2. Glasi nzima ya maji matupu. Kisima chenu kikiwa cha chumvi, tafuta maji baridi yasiyo na chumvi, maana madini kama kalsiamu hushikana na dawa.
3. Usitafune wala kumung'unya.
4. Kaa wima au tembea dakika 30. Usilale mpaka umekula.
5. Vidonge vya kalsiamu na vya kiungulia vinywe baadaye, si pamoja nacho.
6. Ukisahau, meza kesho yake asubuhi, kisha rudi kwenye siku yako. Kamwe usimeze viwili siku moja.

Na kabla ya kuanza, daktari apime kalsiamu na figo.

Sasa madhara. Ukiandika programu unajua kuna onyo na kuna hitilafu ya kusimamisha kila kitu. Tumbo kusokota kidogo ni onyo: angalia unavyomeza, mwambie daktari. Maumivu ukimeza, chakula kukwama, maumivu ya kifua, kiungulia kipya au kinachozidi: hiyo ni hitilafu. Acha kidonge, nenda hospitali. Maumivu makali ya misuli au viungo nayo usiyavumilie kimya.

Kuna dawa nyingine ya jamii hiyo, asidi ya zoledroniki, ya dripu mara moja kwa mwaka. Haigusi koo, ila huleta homa na maumivu ya mwili kama mafua kwa siku chache. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2007, karibu thuluthi moja ya waliopewa walipata dalili hizo mara ya kwanza, lakini mara ya tatu hawakufika hata 3 kati ya 100. Mtu akiambiwa mapema, hatishiki. Asipoambiwa, harudi mwaka ujao.

Hapa ndipo nina ugomvi na waandishi wenzangu wa programu. M-Pesa ilipoanza 2007 ilifundisha wazee kutuma pesa kwa kuuliza jambo moja, kisha jingine, kisha kuthibitisha. Kwa nini kidonge kisiende hivyo? Saa 12 asubuhi, simu iseme kwa sauti, kwa Kingaturkana, maana si kila mzee anasoma: maji glasi nzima, usilale. Baada ya nusu saa: sasa kunywa chai. Kesho yake iulize: ulipomeza, kuliuma? Akijibu ndiyo, isimkumbushe tena kidonge kinachofuata, impigie mhudumu wa afya. Haihitaji intaneti wala simu ya bei.

Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, na nauli si mchezo. Mzee akiumwa na dawa hapa Lokichar, njia rahisi ni kuitupa na kunyamaza. Baadaye anavunjika nyonga, na kwa umri ule wengi hawatembei tena kama zamani.

Mama sasa hunywa kidonge chake Jumapili, kisha anawapeleka mbuzi nje. Hawezi kulala akiwa na mbuzi.