Tulie, lakini tusifiche kifo

Ndugu zetu, leo tuongee jambo ambalo kwenye matanga hakuna anayetaka kuligusa: jina la marehemu kwenye karatasi ya familia, ile tunayoita atestesheni.

Sisi vijana wa Kongo hapa Nakivale, Uganda, tumeshazika wengi. Turubai inafungwa, watu wanachanga, wamama wanapika, tunaimba hadi asubuhi. Hapo tuko sawa. Halafu matanga yakiisha mnaanza kusikia minong'ono: "Musiseme ofisini, watakata chakula."

Tunaelewa. Njaa si mchezo, na mgao wenyewe umeshapunguzwa mara nyingi. Lakini mwisho wake tumeuona. Mama mmoja jirani yetu alikaa karibu miaka 2 mume wake akiwa bado "hai" kwenye karatasi. Siku alipoitwa kwa mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu, akaulizwa: mume yuko wapi? Hakuwa na chochote cha kuonyesha. Kesi ikasimama, na hadi leo anangoja.

Tena, tangu verifikesheni ya 2018 tuko kwenye mashine kwa alama za vidole. Marehemu hawezi kwenda kuweka kidole. Jina lake litatoka tu, na sisi tutaonekana waongo.

Kwa hiyo, tukifiwa:

1. Akifia kituo cha afya, tusiondoke na mwili bila taarifa ya kifo ya maandishi. Akifia nyumbani, twende siku hiyohiyo kwa mwenyekiti na majirani walioshuhudia, atuandikie barua. Tuipige picha.

2. Tupeleke karatasi hiyo OPM. Mjane aandikwe mkuu wa familia. Watoto wakibaki yatima, tuseme wanakaa na nani, kabla ndugu hawajawagawana.

3. Tuombe cheti cha kifo NIRA. Hata mkimbizi anaruhusiwa. Kinasaidia kwenye mambo ya urithi na ya kuoa au kuolewa tena.

4. Laini ya simu ya marehemu tusiitupe. Kama ina pesa, familia iulize kampuni ya simu jinsi ya kuidai.

Na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, tunawaomba kwa heshima: mtu aliyetoka kuzika asizungushwe ofisi 3 kwa siku 3, kila mahali anasimulia upya. Awepo mtu mmoja wa kumpokea na kumwongoza. Pia mtueleze wazi, chakula kitapungua lini na kwa kiasi gani. Watu wanaficha kwa sababu hawajui watabaki na nini. Mkinyamaza, mnaotuletea habari ni minong'ono ya matanga.

Vijana, kazi hii ni yetu. Wazazi wengi hawajui kusoma fomu, na siku ya msiba kichwa hakifanyi kazi. Tusindikizane. Kama kwenu kuna aliyefiwa na bado hajaenda kusema, tuandikieni hapa chini, tutaenda naye.