Simu Inaongea, Mimi Nataka Kusoma

"Si simu inaongea? Breli ya nini tena?"

Naulizwa hivyo kila nikisema naweka akiba ninunue mashine ya breli, ile inayounganishwa na simu, vinukta vikipanda na kushuka chini ya kidole.

Jamani, naishi kwa kuandika. Mohamed, Mohammed, Muhamed: kwa sikio ni jina moja, kidole ndicho kinachoona tofauti. Meseji ya M-Pesa ikisomwa kwa sauti barazani Kibokoni, mtaa mzima ushajua salio langu. Nikiziba masikio nisikize peke yangu, bodaboda ya kichochoroni itanifikia sijaisikia.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili. Breli hakuna, nikawa wa kusomewa na wenzangu. Wakichoka, nami nimechoka. Sirudi huko.

Sasa nichague ipi? Orbit Reader 20 ina seli 20, maneno matatu manne kwa mara moja. Safarini yatosha. Kuhariri kwataka seli 40, na hizo ni maelfu ya dola. Hapo ndipo naambiwa nishukuru sauti ya bure.

Sishukuru. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataja breli, kinataja na vifaa. Wewe mbona huambiwi uache kusoma kwa kuwa redio ipo?