Mieleka ya wawili wawili na shingo za watoto wetu

Mara nyingi ukurasa huu wa afya huzungumzia malaria, lishe ya watoto na maji ya kunywa. Mwezi huu tumeona tuseme juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona ni la mchezo tu, nalo ni mieleka. Tunaandika kwa sababu tumeiona kwa macho yetu hapa Usa River, wakati wa likizo iliyopita, nyuma ya nyumba moja isiyo mbali na barabara kuu ya kwenda Moshi. Wavulana wanne, mkubwa wao hazidi miaka kumi na mitatu, walikuwa wametandika godoro kuukuu la sponji juu ya udongo mkavu, wakazungusha kamba ya katani kwenye migomba miwili na nguzo za uzio. Walikuwa wamegawana wawili wawili. Mmoja yuko ndani anapambana, mwenzake amesimama nje ya kamba amenyosha mkono. Aliyechoka anatambaa hadi kwenye kona, anagusa kiganja cha mwenzake, na yule anaingia kwa kishindo. Tulipouliza wamejifunza wapi, walisema kwenye simu ya kaka. Na si mieleka ya Marekani peke yake, bali hata ya Japani, kwa sababu, walisema, kule wanapigana kweli.

Tulicheka, hatukatai. Kisha mmoja wao alimkumbatia mwenzake kiunoni kutoka nyuma, akamnyanyua, akajitupa naye chali. Kichogo cha yule mtoto kilitua ukingoni kabisa mwa godoro. Akakaa kitako, akashika shingo, akatikisa kichwa, akasema, "Niko fiti," akaendelea kucheza. Mwenzake wa kwenye kona alikuwa amenyosha mkono, lakini yeye hakwenda kuugusa. Na sisi watu wazima tuliokuwapo, tukiwa na vikombe vya chai mikononi, hatukumwambia atoke.

Wazazi wengi husema kwamba mieleka ya kwenye televisheni ni maigizo, kwa hiyo haina madhara. Wengi wetu tumekua na maneno hayo tangu enzi za mabanda ya video, tulipokuwa tukimshangilia Hulk Hogan na Undertaker. Maneno hayo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba mshindi hupangwa kabla. Lakini mtu mwenye kilo mia moja anapobwagwa kichogo, uzito wake haujui kwamba mshindi amepangwa. Mfupa wa shingo hubeba mzigo uleule.

Wajapani ndio waliolionyesha jambo hili wazi kuliko watu wengine. Katika mieleka yao ya kulipwa, viwiko vya taya na makofi ya kifuani hupigwa kwa nguvu kweli, na watazamaji huwasifu wale wanaovumilia. Pambano ambalo wapenzi wa mieleka hiyo hulitaja hadi leo ni lile la tarehe 9 Juni 1995, katika ukumbi wa Nippon Budokan mjini Tokyo. Mitsuharu Misawa na Kenta Kobashi walikuwa upande mmoja, Toshiaki Kawada na Akira Taue upande wa pili. Lilichukua zaidi ya dakika 40. Kobashi aliingia ulingoni mguu wake ukiwa tayari na jeraha, na wapinzani wakauandama mguu huo huo. Mwishoni Misawa alibaki kama mtu aliye peke yake, maana mwenzake hakuweza tena kusimama sawasawa. Kobashi alichoweza kufanya ni kujilaza juu ya Misawa ili mapigo yampate yeye. Hata hivyo walishindwa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Kawada kumshinda Misawa kwa kumlaza mabega chini. Tumeliangalia pambano hilo. Ni kazi ya watu hodari, na hatutajifanya kwamba halikutusisimua.

Lakini shingo ya Misawa haikuishia hapo. Aliendelea kwa miaka mingi, akaanzisha kampuni yake ya mieleka mwaka 2000, na japokuwa shingo ilimsumbua, aliendelea kupanda ulingoni. Tarehe 13 Juni 2009, mjini Hiroshima, alikuwa tena katika pambano la wawili wawili, safari hii akiwa na kijana Go Shiozaki dhidi ya Akitoshi Saito na Bison Smith, wakigombea ubingwa. Saito alimnyanyua kutoka nyuma na kumbwaga chali. Inaelezwa kwamba mwamuzi alipomwinamia, Misawa alisema hawezi kusogea, kisha akapoteza fahamu na moyo ukasimama. Alifariki hospitalini usiku ule kwa kuumia uti wa mgongo katika sehemu ya shingo. Alikuwa na miaka 46, zikiwa zimebaki siku tano atimize 47.

Tunaomba msomaji aangalie jambo moja. Mbwago ule haukuwa wa ajabu. Misawa alikuwa amebwagwa vile mara nyingi mno katika maisha yake, akainuka. Ni mbwago uleule uliofanywa na wale wavulana wa nyuma ya nyumba.

Miaka kumi na miwili kabla yake, mwezi Agosti 1997, katika mji uleule wa Hiroshima, mwanamke mwanamieleka aitwaye Plum Mariko alibwagwa katika pambano la wawili wawili, akapoteza fahamu, na siku iliyofuata akafariki. Alikuwa amekwisha kuumia kichwa mara kadhaa kabla ya siku hiyo.

Mwili unafanyaje? Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji. Kichwa kikigonga chini, au kikitikiswa ghafla hata bila kugonga, ubongo huyumba na kujigonga kwenye fuvu. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Mtu si lazima azimie. Anaweza kuona vimulimuli, kusahau kidogo, kuumwa kichwa, kutapika, au kuwa mkali bila sababu. Kwa kawaida hupona, endapo ataachwa apumzike. Akipigwa tena kabla hajapona, pigo dogo sana laweza kumletea madhara makubwa, hata kifo. Watoto wako katika hatari zaidi, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa kulinganisha na mwili wake, misuli ya shingo yake bado haijakomaa, na ubongo wake huchukua muda mrefu kuliko wa mtu mzima kurudia hali yake. Shingo nayo ina pingili saba, na ndani yake hupita uti unaopeleka amri za kupumua, kutembea na kushika. Uti huo ukikatika hauungwi.

Wanamieleka wa Japani hujua hayo. Kijana anayeingia katika kambi zao hufundishwa kwanza kuanguka, siku baada ya siku, kabla ya kuruhusiwa kumshika mtu. Hufundishwa kubana kidevu kifuani, kupiga mikono yote miwili chini ili nguvu ya anguko isambae, na kutoa pumzi wakati wa kutua. Ulingo wenyewe ni mbao zilizowekwa juu ya vyuma vinavyonesa. Pamoja na hayo yote, Misawa alikufa. Watoto wetu wana sponji iliyokwisha kulegea juu ya udongo, na hakuna aliyewafundisha kubana kidevu.

Maoni yetu ni kwamba kuwakataza watoto mieleka kabisa hakutafaa kitu. Watakwenda kucheza mtoni, kwenye mchanga, mahali tusipowaona. Mieleka ya wavulana machungani ilikuwapo kabla ya simu, nayo ilikuwa na sheria nzuri: mgongo ukigusa ardhi, imekwisha. Hakuna aliyemnyanyua mwenzake ili amshushe kichwa. Sheria hiyo irudi. Kuviringishana, kusukumana, kuangushana chini, hayo yaendelee. Kunyanyuana na kubwagana kichogo, kurukiana kutoka juu ya ukuta na kukabana shingo viondolewe kabisa, wala tusiyabembeleze hayo.

Jambo la pili tunalisema kwa uzito zaidi. Katika mieleka ya wawili wawili kuna desturi moja ambayo tungependa iingie katika kila uwanja wa shule na kila ua: yule wa kwenye kona. Kazi yake ni kunyosha mkono ili aliyeumia atoke. Ubaya wa mieleka ya Japani, kwa maoni yetu, ni kwamba watu walishangilia zaidi yule aliyekataa kutoka. Na sisi tunafanya vilevile. Tunamwambia mtoto mwanaume halii. Tunamsifu mlinda mlango aliyegongwa na mwamba akaendelea hadi filimbi ya mwisho. Mtoto akisikia hayo, ataficha.

Yule mtoto wetu alificha. Kesho yake aliamka na kichwa kikimuuma, akatapika mara moja. Mama yake alidhani ni malaria, akampeleka kupimwa, na malaria haikuonekana. Tabibu akamwuliza kama ameanguka. Mtoto akasema hapana, kwa kuogopa fimbo na kwa kuogopa godoro kuchukuliwa. Ni mpaka sisi tulipopita jioni kusalimia, tukaeleza tulichokiona, ndipo alipopelekwa tena na kuchunguzwa vizuri. Alipona baada ya wiki mbili za kupumzika. Hatujisifu kwa hilo, maana tungesema siku ile ile kusingekuwa na haja ya sindano ya kidole.

Basi, mzazi, mtoto akipatwa na homa isiyoeleweka au kutapika baada ya siku ya michezo, mwulize kwa upole kama ameanguka, na umwahidi kwanza kwamba hatachapwa. Aliyegongwa kichwa atoke mchezoni siku hiyo, hata akisema yuko fiti. Asirudi hadi maumivu yote yaishe na mganga amemwona. Kama anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia kupita kawaida au haamshiki, anaongea ovyo, ana degedege, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, au anatokwa na damu au maji meupe masikioni au puani, usingoje asubuhi.

Akianguka na kulalamika shingo, au akasema mikono na miguu inafanya ganzi au haisogei, usimwinue wala usimkalishe. Usimpe maji. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili kisigeuke, na aendelee kukishika hadi msaada ufike. Ikibidi kumhamisha, abebwe na watu wanne kwa pamoja juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja. Asipelekwe kwa mtu wa kumnyosha shingo au kumchua. Na tafadhali asipakiwe kwenye bodaboda akiwa kati ya watu wawili, ule mtindo wa mshikaki. Tunajua ndio usafiri ulio karibu, lakini matuta ya barabara yaweza kumalizia kile ambacho anguko halikumaliza. Tafuteni gari, hata la mizigo, alazwe. Hospitali ya Tengeru iko karibu, na wao ndio watakaoamua kama apelekwe Mount Meru au KCMC Moshi.

Kuna vijana wa Mukono, nchini Uganda, ambao picha zao zilienea sana mwaka 2023, wakipigana mieleka katika ulingo wa matope uliozungushiwa kamba. Wanajiita Soft Ground Wrestling. Watoto wetu wamewaona nao pia, na tumeulizwa kama matope ndiyo dawa. Matope ni nafuu kuliko saruji, hilo hatulibishi, na vijana wale wana mkufunzi na hufanya mazoezi. Lakini shingo iliyokunjwa hukunjika hata kwenye matope, na ua wa Usa River hauna mkufunzi.

Godoro bado lipo nyuma ya ile nyumba. Tulipita tena juzi. Dada mkubwa wa mmoja wao, aliye kidato cha pili, amefanywa mwamuzi, naye ana filimbi aliyoiazima shuleni. Wamekubaliana kwamba yeye peke yake ndiye anayeamua nani atoke, na akishasema hakuna kubisha. Tulimkuta amemtoa mdogo wake mwenyewe kwa kugongwa pua, naye amekaa juu ya jiwe akinuna, anawahesabia wenzake moja, mbili, tatu.