Ugonjwa wa Jongo na Chungu cha Nyumbani

Askari aliyelala mzima usiku wa Jumamosi huweza kuamka alfajiri ya Jumapili akiwa hawezi kukanyaga chini. Kidole gumba cha mguu kimevimba, kinang'aa, kina joto kama kaa la moto, na hata shuka likikigusa huuma. Wenzake humtania kwamba anakwepa gwaride; jirani hunong'ona kuwa amerogwa; naye mwenyewe hulilaumu buti. Aghalabu wote hao wamekosea. Huo ni ugonjwa wa jongo, na chanzo chake ni asidi ya yuriki iliyozidi katika damu.

Asidi hiyo si sumu iliyotoka nje. Kila mwili huitengeneza kutokana na purini, vitu vilivyomo katika chembe za mwili wenyewe na katika baadhi ya vyakula. Figo huitoa sehemu iliyo kubwa kwa njia ya mkojo, na iliyobaki hutoka kwa njia ya matumbo. Ikizidi kiasi cha miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, huanza kuganda na kuwa chembe zenye ncha kali kama sindano, ambazo hujikusanya katika maungo, hasa yale yaliyo mbali na yenye baridi, kama vidole vya miguu. Wanaume hupatwa zaidi. Wanawake wengi hukingwa na homoni zao mpaka wafikie ukomo wa hedhi.

Chukua mfano wa sajini mwenye umri wa miaka 42, anayeishi na mkewe na watoto 5 katika nyumba za kambi. Baada ya kuugua mara ya pili, majirani walimshauri mkewe aondoe maharage, kunde na mboga za majani, kwani ndivyo vinavyoleta jongo. Mama yule alitii. Kwa miezi miwili watoto walikula posho kwa mchuzi mwepesi, huku nyama ikinunuliwa kwa ajili ya baba, na mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Hata hivyo kidole kilivimba mara ya tatu.

Katika zahanati daktari aliuliza, "Afande, tangu Jumamosi umekula nini?"

"Vyakula vya nyumbani tu, daktari," sajini alijibu.

Mkewe alitazama chini, kisha akasema kwa upole, "Baba watoto, mtajie na yale ya kantini."

Ya kantini yalikuwa bia 5, maini ya kukaanga, na soda ya asubuhi ya kutuliza kichwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Ni kweli kwamba maharage yana purini. Lakini uchunguzi uliotangazwa nchini Marekani mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa muda wa miaka 12, ulionyesha kwamba waliokula kwa wingi mboga na jamii ya kunde zenye purini hawakupatwa na jongo zaidi ya wengine. Waliopatwa zaidi ni waliokula kwa wingi nyama na vyakula vya majini, na waliokunywa pombe. Wale wa bia 2 au zaidi kwa siku walikuwa katika hatari iliyokaribia mara mbili na nusu ya ile ya wasiokunywa. Kwa hiyo chungu cha maharage kilihukumiwa bila kosa, na watoto ndio waliotumikia adhabu.

Yafaa basi ijulikane vitu gani vipunguzwe. Kwanza ni pombe. Bia ina purini yake yenyewe, na zaidi ya hayo kileo chochote, waragi ikiwamo, huzuia figo zisiitoe asidi ipasavyo. Pili ni nyama za ndani, yaani maini, figo, moyo na bongo. Tatu ni samaki wadogo wanaoliwa wazima, kama mukene. Watoto waendelee kuwala, kwani huwajenga, lakini baba asiwafanye kitoweo cha kila siku. Nne ni soda na vinywaji vyote vyenye sukari nyingi, ambavyo huongeza asidi ijapokuwa havina nyama wala kileo.

Ama kuhusu vya kupikwa, mama wa nyumbani hana haja ya duka la kigeni. Posho, matoke, viazi vitamu, wali, mayai, maharage na mboga za majani vyote vyafaa. Maziwa, hasa yaliyoondolewa mafuta, yanasaidia kuishusha asidi. Siku ya nyama, kipande kiwe kidogo. Ichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe, kwa sababu purini nyingi hutokea katika mchuzi. Maji ya kunywa yafikie lita 2 au 3 kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, ambaye daktari ndiye ampimie. Mwenye tumbo kubwa apunguze uzito polepole. Kujinyima chakula ghafula huipandisha asidi badala ya kuishusha.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba chungu peke yake chatosha. Kwa walio wengi chakula hushusha asidi kwa kiasi kidogo tu, kama miligramu 1, ilhali mgonjwa hutakiwa afike chini ya 6. Anayeugua mara kwa mara, mwenye vinundu katika maungo, au mwenye vijiwe vya figo, huhitaji dawa kama alopurinoli, na huitumia kila siku, si siku ya maumivu tu. Aidha, baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kifua kikuu hupandisha asidi. Mgonjwa asiziache kwa hiari yake, bali amweleze daktari. Na kiungo kilichovimba pamoja na homa kali kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda kimeingiwa na vijidudu, wala si jongo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sajini yule alitoka zahanati na karatasi ya dawa mfukoni, na jioni ile maharage yalirudi mekoni. Jumamosi iliyofuata hakwenda kantini. Fedha iliyobaki ilinunua maziwa, na kila aliyekuwamo nyumbani alipata kikombe chake.