Rangi Mpya Isifiche Hatari: Usalama wa Mitungi ya Wazamiaji

Katika fukwe za Nungwi, Pemba na Kisiwa cha Mafia, ambako Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995, mitungi ya hewa ya wazamiaji hupakiwa na kushushwa kwenye boti msimu wote wa utalii. Chumvi, jua na msuguano huichakaza rangi yake mapema. Kwa mwenye biashara, njia nyepesi ni kuikwangua na kuipaka upya ili ipendeze machoni pa wageni. Hata hivyo, kazi hiyo inayochukuliwa kuwa ya urembo inagusa uhai wa mzamiaji, na vilevile uhai wa mfanyakazi anayesimama kando ya kompresa kuijaza.

Chanzo cha hatari ni shinikizo. Tairi la gari dogo hujazwa kwa bar 2 hivi, ilhali mtungi wa kuzamia hujazwa hadi bar 200. Mtungi wa lita 11 hubeba takriban lita 2,200 za hewa iliyogandamizwa. Ukuta wake ukidhoofika, unaweza kupasuka na kuua.

Jambo la kwanza la kuepukwa ni moto. Mitungi mingi katika maji ya joto ni ya alumini iliyoimarishwa kiwandani kwa joto maalumu. Joto jingine likiipata baadaye, uimara huo hupotea bila mtungi kubadilika umbo. Ndiyo maana kanuni za Marekani huagiza mtungi wa alumini uliopata joto zaidi ya nyuzi 177 za Selsiasi uondolewe kabisa katika matumizi. Kuchoma rangi kwa moto wa gesi huweza kuvuka kiwango hicho kwa muda mfupi. Rangi ya unga inayookwa katika tanuri nayo ina hatari hiyohiyo, kwa kuwa mara nyingi huokwa karibu na kiwango hicho au zaidi.

Jambo la pili ni kemikali. Kostiki soda, inayofahamika sana kwa watengenezaji wa sabuni, huondoa rangi lakini pia huila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka kwa urahisi. Baadhi ya dawa za kuondoa rangi zina methilini kloraidi, ambayo mvuke wake umewahi kuua watu waliofanya kazi katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha. Mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku dawa hizo kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani.

Jambo la tatu ni zana. Grenda hupunguza unene wa ukuta, na brashi ya waya wa chuma huacha chembe zinazochochea kutu ya alumini.

Utaratibu salama unaanza kwa kutoa hewa yote polepole. Fundi mwenye ujuzi huondoa vali, kisha mdomo wa mtungi huzibwa ili maji na vumbi visiingie. Kiatu cha plastiki huvuliwa, kwani chini yake ndiko maji ya chumvi hujificha. Rangi huondolewa kwa dawa ambayo mtengenezaji wake ameithibitisha kuwa haidhuru alumini, kwa kifuta cha plastiki, mahali penye hewa ya kutosha, mfanyakazi akiwa amevaa glavu na miwani ya kinga. Baada ya kusuuzwa kwa maji baridi na kukauka, mtungi hukaguliwa ungali mtupu wa rangi, maana hapo ndipo mashimo ya kutu na nyufa huonekana. Ukifaulu, hupakwa rangi ya msingi inayofaa alumini, kisha rangi ya juu kwa tabaka nyembamba zinazokauka kwa hewa ya kawaida.

Alama zilizogongwa begani, zikiwemo namba ya mtungi, shinikizo la kazi na tarehe ya kupimwa, hazina budi kubaki zikisomeka. Rangi yenyewe nayo ina maana: katika kiwango cha Ulaya, bega jeupe huashiria oksijeni, na bega lenye nyeusi na nyeupe huashiria hewa ya kupumua. Kuchagua rangi kiholela kunaweza kumpotosha anayejaza.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Wajibu huo hauishii kwenye kununua vifaa, bali unahusu pia namna vinavyotunzwa.

Mteja naye anayo haki ya kuuliza tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa mtungi kabla ya kuuvaa. Nchini Marekani, kipimo cha shinikizo la maji hufanyika kila baada ya miaka 5, na sekta ya uzamiaji hutaka ukaguzi wa macho kila mwaka. Mtungi uliochakaa rangi lakini wenye tarehe hai ni wa kuaminika kuliko unaong'aa usio na historia inayojulikana.