Tangawizi ya Mbao Inatosha

Wasee, wiki hii pekee nimeona video kama sita za watu wakiuza shoti za tangawizi. Kachupa kadogo kama ka dawa ya kikohozi, soo mbili mpaka soo tatu, na maneno ni yale yale: inasafisha damu, inayeyusha mafuta ya tumbo, inapandisha kinga, inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Yaani kitu kimoja kinatibu kila kitu isipokuwa kukosa doo. Na hata hiyo inatibu, ila ya muuzaji peke yake.

Mimi tangawizi naipenda, na sijakuja hapa kuitukana. Msimamo wangu ni huu: tangawizi ni nzuri kwa mwili, faida zake zinajulikana, si nyingi vile unaambiwa, na zote unazipata kwa kile kipande cha mbao kwa mama mboga. Ukilipa zaidi ya hapo unanunua hadithi. Na kuna hadithi zingine zinaweza kukuua.

Niliacha chuo mwaka wa pili na sijawahi kuwa daktari. Lakini kusoma sikuacha, na hii maneno nimeisoma.

Tuanze na mahali inafanya kazi.

Ya kwanza ni kichefuchefu. Hapa ndipo tangawizi ina ushahidi mzuri kuliko kwingine kote. Wajawazito wanaosumbuliwa na kutapika wamepewa unga wa tangawizi kwenye tafiti nyingi, mara nyingi karibu gramu 1 kwa siku ikigawanywa mara kadhaa, na kichefuchefu kikapungua. (Kama una mimba, ongea na watu wa kliniki kwanza, usifuate simu.) Mwaka wa 1982 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la wanafunzi 36 ambao safari huwavuruga haraka. Waliwekwa kwenye kiti kinachozunguka, na waliomeza tangawizi wakavumilia muda mrefu kuliko waliomeza dawa ya kawaida ya safari. Tafiti zilizofuata kuhusu safari zimetoa majibu mchanganyiko, huo ndio ukweli. Lakini kama wewe ni wale matatu ya Thika huwageuza tumbo kabla hata mfike Juja, kutafuna kipande kidogo kabla ya kupanda hakukugharimu kitu.

Ya pili ni maumivu ya hedhi, na hii wasichana wengi hawajaambiwa. Kuna utafiti wa Iran uliochapishwa 2009. Wanafunzi 150 wa chuo waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa unga wa tangawizi, miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku tatu za mwanzo. Lingine likapewa ibuprofen, na la tatu dawa ile ile iliyo ndani ya Ponstan. Mwishoni, nafuu ilikuwa karibu sawa kwa wote. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini mingine iliyokuja baadaye imeelekea upande huo huo. Ila skiza: kama maumivu yanakulaza chini kila mwezi, yanakukosesha darasa ama kazi, usiyafunike na chai. Hiyo ni hospitali. Kuna magonjwa kama endometriosisi ambayo wasichana hukaa nayo miaka mingi wakiambiwa ati ni kawaida.

Ya tatu ni tumbo kujaa. Tangawizi husaidia chakula kutoka tumboni na kusonga mbele, ndiyo maana ukiinywa baada ya kula sana unahisi umepumua.

Ukali wenyewe unatokana na kitu kinaitwa gingeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya gingeroli hubadilika kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kwa hivyo ule unga wa pakiti si takataka vile watu husema. Mbichi na kavu zote ni sawa.

Sasa twende kwa uongo.

Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo zako. Zinafanya kazi usiku na mchana na hazijawahi kukutumia bili. Mafuta ya tumbo? Kama unakula chapo nne usiku halafu unalala, hakuna shoti itakuokoa. Vitamini C? Hiyo iko kwa limau, kwa tangawizi ni kidogo sana. Homa? Tangawizi moto inapasha koo na inakufanya ujisikie vizuri, na hiyo si kitu kidogo ukiwa mgonjwa. Lakini kujisikia vizuri na kupona ni vitu viwili tofauti.

Hii sinema tumeiona tayari. Korona ilipofika Kenya 2020, limau na tangawizi zilipanda bei sokoni. Februari 2021, Waziri wa Afya wa Tanzania wakati huo, Dorothy Gwajima, alisimama mbele ya wanahabari Dodoma akaonyesha kinywaji cha tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili kama kinga. Julai mwaka huo huo, Rais Samia alichanjwa hadharani. Tangawizi haikuwa imekosea chochote, ilikuwa tu imepewa kazi isiyo yake.

Na hapo ndipo nakasirika. Kuna jamaa tulikuwa tunakaa ploti moja huku Kimbo, Ruiru. Alikohoa miezi miwili. Kila jioni anachemsha tangawizi, limau na asali, anaangalia video, ananiambia kifua kimeanza kulainika. Nguo zikaanza kumpwaya. Usiku anaamka shuka imelowa jasho. Ni dada yake alitoka Thika, akamwangalia mara moja, akampeleka hospitali ya serikali. TB. Kupimwa ilikuwa bure, dawa bure, akazimeza miezi sita na akapona. Lakini hiyo miezi miwili ya tangawizi alikuwa analala chumba kimoja na wasee wawili, na wote ikabidi wapimwe.

Hakuna mtu alimwambia asiende hospitali. Video zilimpa tu sababu ya kungoja. Na ukiwa huna pesa, sababu ya kungoja ni kitu tamu sana.

Najua upande wa pili pia. Mwaka huu kuna mtu anayeuza hizo shoti alinitafuta. Alitaka video tatu, pesa ingelipa keja mwezi mzima, na maneno nilitumiwa yakiwa yameandikwa tayari: "inaua kila kikohozi." Nilikataa. Kwa hivyo ukiona msee wa kontenti anaapa kwa chupa fulani, jiulize nani ameandika maneno yake.

Halafu kuna watu wanafaa kuwa makini. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, dawa za kisukari, ama unangoja upasuaji, uliza daktari kabla ya kuanza kunywa tangawizi kwa wingi. Na kama una kiungulia ama vidonda vya tumbo, shoti ya asubuhi kabla ya kula inaweza kukuchoma zaidi. Tangawizi ya kawaida kwa chakula haisumbui watu wengi.

Na chakula ndiyo mahali pake. Nunua kipande cha mbao soko la Madaraka ama kwa mama mboga wa karibu. Kiwe kigumu, kisiwe kimenyauka. Osha, kwaruza ngozi na kijiko, kata vipande vidogo. Kingine weka mahali pakavu, kitakaa wiki nzima bila shida.

Githeri: kaanga kitunguu, weka tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, kisha nyanya. Utashangaa vile huhitaji chumvi mingi wala mchuzi wa pakiti. Maharagwe, minji, nyama, pilau, vyote hivyo hivyo. Chai: ponda, chemsha na maji dakika kama kumi kabla ya kuweka majani, na sukari weka kidogo. Wale wa birika kwa steji wanaokuuzia kikombe cha tangawizi asubuhi pia wako sawa kabisa, waungeni mkono.

Soda ya tangawizi usiihesabu. Soda nyingi zina karibu gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hivyo chupa ya nusu lita ni kama vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima abaki chini ya kama sita kwa siku nzima. Kunywa ukitaka, ni tamu, lakini usiseme ni afya.

Piga hesabu pia. Shoti ya soo mbili kila siku ni 6,000 kwa mwezi. Huku Ruiru hiyo ni rent ya mtu. Tangawizi ya mbao kila wiki ni 80. Ile inabaki nunua mayai, ndengu, matunda, mboga. Hizo zitakujenga kuliko chupa yoyote.

Na kama kuna msee unamjua amekohoa wiki mbili na bado anachemsha tangawizi, mtumie hii. Akikataa kusoma, panda matatu uende umtoe kwa nyumba.