Kabla Hujaliuza Gitaa Lako

Jioni moja mpwa wangu alinijia nyumbani Kibokoni, gitaa limo mkobani mgongoni mwake, na uso ameukunja kama mtu aliyetoka kuzika. Nilidhani pana msiba. Kumbe alikuwa amekata shauri kuliuza, na mnunuzi amekwisha mpata.

"Mjomba," akaniambia, "mimi si mtu wa gitaa. Barazani mikono yanitii, lakini nikijirekodi kwenye kompyuta najisikia nachelewa kila pigo. Sina mizani."

Neno hilo la mizani lilinigutusha. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na mizani ndiyo kazi yangu ya miaka thelathini na ushei. Kijana huyu nimemsikia akipiga barazani na harusini tangu akiwa na umri wa miaka kumi na minne, wala hajapata kudondosha pigo hata moja. Vipi basi mtu awe na mizani barazani, akaipoteza chumbani kwake mwenyewe? Nikamwambia aketi, anywe kahawa, kisha aifungue hiyo kompyuta yake (tarakilishi, kama wapendavyo kuiita walimu wetu wa lugha) anionyeshe afanyavyo.

Niseme mapema, ndugu msomaji, kwamba mimi si fundi. Nimekaa karibu na mitambo ya kurekodi kwa sababu ya mashairi yangu na kazi yangu ya uandishi, na haya niyajuayo niliyaokota kwa kuchungulia na kuuliza maswali mpaka mafundi wakanichoka. Lakini kwa niliyoyaona kwa mpwa wangu na kwa wenzake walionijia baadaye, nina dai moja la kutoa hadharani: vijana wetu wanaojifunza kurekodi gitaa nyumbani wanajihukumu wenyewe kwa makosa ya mashine. Na asiyejihukumu mwenyewe hukimbilia dukani. Mpwa wangu alikuwa amefanya yote mawili, kwani duka moja la mjini, jina lake nitalihifadhi, lilikuwa limemshauri anunue kompyuta mpya yenye nguvu zaidi. Kijana hana kazi ya kudumu! Ndipo akaona afadhali gitaa liende.

Sisi tuliosomea chuoni tukiwa wadogo twakumbuka desturi moja. Ukikosea, mwalimu hakukwambia neno lililo sahihi. Aligonga mkeka kwa kifimbo chake tu, nawe ukarudi nyuma kidogo, ukaenda polepole herufi kwa herufi, hata ukapafikia pale ulipoteleza. Hakukurudisha kwenye alifu, wala hakukununulia msahafu mwingine. Kosa lilikuwa na mahali pake, na kazi yako ilikuwa kupatafuta.

Sauti ya gitaa nayo ina safari yake. Yaanza kwenye uzi, ikaingia pikapu au maikrofoni, ikapita kwenye kebo, ikafika kwenye kile kisanduku cha kuunganishia ambacho mafundi hukiita intafesi, ikapokewa na draiva, yaani ile programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na kisanduku, ikaingia programu ya kurekodia, kisha ikarudi njia hiyohiyo mpaka masikioni mwako. Vituo ni saba au vinane. Anayelalamika kwamba "haitoi vizuri" bila kujua ni kituo gani, huyo bado hajaanza kutafuta.

Tukaanza na tatizo la mpwa wangu. Nilimwambia avue hedifoni, apige huku kompyuta ikirekodi, asikilize mbao za gitaa lake tu na mapigo ya ngoma kwa sauti ya chini. Akapiga kama malaika. Akazivaa tena, akaanza kujikwaa. Basi kosa halikuwa mikononi. Lilikuwa baina ya kisanduku na sikio.

Hapa pataka maelezo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapovunjika moyo. Kompyuta haiichukui sauti kama maji ya mfereji yanayokwenda mfululizo. Huikata vipande, kwa kawaida 44,100 katika kila sekunde moja, ikavijaza ndooni. Ndoo ikijaa ndipo huibeba. Ndoo hiyo yaitwa bafa. Kompyuta ya mpwa wangu ilikuwa na bafa ya vipande 1,024. Piga hesabu: ndoo ya kadiri hiyo huchukua milisekunde 23 kujaa, yaani sehemu 23 za elfu ya sekunde. Na maadamu kuna ndoo ya kuingilia na ndoo ya kutokea, sauti imekwisha chelewa milisekunde 46 kabla ya kumfikia mwenyewe, bado hatujahesabu ucheleweshaji wa draiva.

Utasema, na ni nini sehemu hizo za sekunde? Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Katika milisekunde 46 huwa imekwenda karibu mita 16. Kijana yule alikuwa amelipakata gitaa kifuani, lakini masikio yake yalikuwa yakilisikia kama kwamba lapigwa ng'ambo ya uwanja! Akiusikia mkono wake umechelewa, huukimbiza. Akiukimbiza, huipita ngoma. Akirudi nyuma, wimbo wote ushavurugika. Hakuna mpigaji atakayenyooka katika hali hiyo. Wazee wetu wa pwani, watu wa zama za kina Fundi Konde, aliyefariki mwaka 2000, hawakupata mtihani huu. Walipiga na kuimba pamoja kwa mkupuo mmoja, na kila mtu alijisikia kwa njia ya hewa.

Dawa yake haikumgharimu hata senti. Kisanduku chake kilikuwa na draiva yake ya ASIO ambayo hakuwa ameiweka; kompyuta ilikuwa ikitumia ile ya kawaida ya Windows, iliyo nzito kwa kazi hii. Tukaipakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe, tukaichagua ndani ya programu, tukaishusha bafa mpaka 128. Ndoo mbili za 128 huchukua takriban milisekunde 6, sawa na kumsikia mtu aliyekaa mita mbili mbele yako. Kijana akapiga, akanyamaza, akapiga tena. Sikumuuliza kitu.

Nataka mkumbuke, hata hivyo, kwamba ndoo ndogo ina adhabu yake. Kompyuta yapaswa kwenda mbio zaidi kuzibeba, na ikishindwa utasikia vitatarishi vya pati-pati ndani ya rekodi. Hapo panda mpaka 256, funga programu nyingine zote, zima intaneti wakati wa kurekodi. Ukimaliza kurekodi na sasa wachanganya sauti tu, irudishe bafa juu ujistareheshe, kwani hapo kuchelewa hakumdhuru mtu. Na kama kompyuta ni kongwe kabisa, visanduku vingi vina kitufe cha kukupa sauti yako moja kwa moja kabla haijaingia kompyutani. Ukikitumia, inyamazishe sauti ile inayorudi kupitia programu. Usiponyamazisha utajisikia mara mbili, kama adhana za misikiti miwili ya jirani, moja ikiifuata nyingine.

Tatizo la pili kwa wingi ni sauti butu, isiyo na uhai. Aghalabu mwenyewe amechomeka gitaa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta kwa kebo ya kuungaunga. Pikapu ya gitaa ni dhaifu; yataka tundu lisiloinyonya, lenye ukinzani mkubwa, kiasi cha omu milioni moja. Tundu la maikrofoni haliko hivyo, nalo huumeza ule ung'avu wote wa juu. Ndiyo maana kile kisanduku si anasa. Lakini hata mwenye kisanduku huteleza: kuna kitufe kilichoandikwa INST, na asipokibonyeza amerudi palepale.

Sasa nije kwenye mvumo, ule unguruma wa "mmmm" usiokoma, kwa kuwa hapa nimeona jambo la kutisha. Umeme wetu Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo ndio umeme wenyewe umejipenyeza ndani ya sauti. Mtafute kwa utaratibu. Punguza sauti ya gitaa lenyewe hadi sifuri. Mvumo ukiondoka, ulikuwa ukiingilia kwenye gitaa. Geuka taratibu kitini, ujiweke mbali na kompyuta na taa, kwani pikapu za koili moja hunasa kila kitu, na kuna upande utakaousikia umetulia. Mvumo ukibaki, badilisha kebo. Ukibaki bado, chomoa chaja ya kompyuta, urekodi kwa betri. Mara nyingi kimya huingia papo hapo, kwa sababu mvumo ulikuwa ukipita kwenye njia ya umeme iliyozunguka baina ya chaja na vyombo vingine.

Jambo la kutisha ni hili: wako vijana wanaoung'oa ule mguu wa tatu wa plagi, mguu wa ethi, ati ili mvumo uishe. Kweli huenda ukaisha. Lakini mguu ule ndio utakaokuokoa siku waya ukigusa chuma ndani ya ampu, nawe umezikamata nyuzi kwa mikono miwili. Umeme wa volti 240 hauna mzaha. Mvumo katika rekodi ni aibu ndogo. Tusije tukazikana kwa ajili yake. Betri ya kompyuta yatosha kwa nyimbo mbili tatu, na zikiisha, pumzika ukiichaji.

Kwa sisi wa pwani kuna na hili la chumvi. Hewa yetu huzila jeki na matundu, ikawa kila ukijongea gitaa linatatarika. Wengi huidhania kompyuta. Chomoa na kuchomeka mara kumi; ukisikia nafuu, umempata mwizi. Safisha kwa ile dawa ya kupulizia ya mafundi wa redio, na uache kebo mkobani badala ya dirishani.

Mengine nitayapitia mbio. Taa nyekundu ikiwaka unapopiga kwa nguvu, punguza mlango wa kuingilia: vilele vya sauti vikae kiasi cha desibeli 12 chini ya sifuri, na urekodi kwa biti 24, ndipo hutahitaji kupiga kelele. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki tena kwa programu yoyote, hata wakuahidi nini. Wimbo ukitoka mzito na umeshuka kama gitaa lililolegezwa nyuzi, angalia kama ulirekodi kwa vipande 48,000 na sasa wapigishwa kwa 44,100. Anayerekodi kwa maikrofoni ya ndani ya kompyuta akaona mlio wakatika kabla ya kufifia, azime zile hila za kusafisha sauti zilizowekwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Hila hizo huujua usemi wa mwanadamu, na uzi unaovuma polepole huuhesabu kuwa ni kelele za feni. Mwenye gitaa lisilo na pikapu asiielekeze maikrofoni kwenye lile tundu la kati, ambako sauti hujaa kama pipa. Aielekeze pale shingo inapokutana na mwili, umbali wa shibiri moja au moja na nusu.

Najua wako watakaonijibu kwamba haya ni ya kuhangaikia wakati studio zipo na vyombo vipya vipo, ya nini kubanana na bafa chumbani? Nami nawauliza: Les Paul wa Marekani alikuwa wapi alipoirekodi "Lover", sahani iliyotoka mwaka 1948? Alikuwa katika gereji ya nyumba yake Hollywood. Magitaa manane yasikika, na yote ni yeye mwenyewe, akijirudufisha kutoka sahani moja hadi nyingine. Akikosea tabaka la mwisho, kazi imeharibika. Hakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Alikuwa na sikio, na alikijua kila kituo katika safari ya sauti yake. Studio zetu hulipisha kwa saa, na kijana anayejifunza hahitaji saa moja, ahitaji mia tano. Hizo hawezi kuzipata ila nyumbani kwake.

Na hasara ninayoiogopa mimi si ya kompyuta. Ni wale wasiokuwa na mjomba wa kuwakalisha kitako. Pana vijana wangapi Likoni, Malindi, Lamu, waliokwisha jiambia kwamba hawana mizani, gitaa likauzwa kwa bei ya kutupa, na kumbe lililokuwa likiwachelewesha ni namba moja katika ukurasa wa mipangilio ambao hakuna aliyewaonyesha? Walimu wa muziki wafundishao nota wangefanya hisani kubwa kutenga hata somo moja la jambo hili.

Mpwa wangu alimpigia simu mnunuzi wake usiku uleule, akamwomba radhi. Wiki mbili baadaye alinialika nikasome utenzi wangu mmoja juu ya gitaa lake, pale chumbani kwake penye godoro lililosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Tulipofika ubeti wa nne ukaingia mlio wa ajabu, tiki-tiki-tiki, kisha bzzzz. Tukasimama. Tukapunguza sauti ya gitaa, mlio upo. Tukabadilisha kebo, upo. Tukachomoa chaja, upo. Tulihangaika nusu saa nzima, kituo kwa kituo kama nilivyomfundisha, mpaka kijana akanitazama kwa adabu, akasema, "Mjomba, samahani, hiyo simu iliyomo mfukoni mwa kanzu yako umeizima?"